Picha ya Bashkirtseff: tangazo la shule, au ushahidi?

Mwaka 1881 Marie Bashkirtseff alichora wanafunzi wenzake wa kike wakiwa kazini katika studio ya Académie Julian, shule binafsi ya sanaa, Paris. Wapo wanaoiona picha hiyo kuwa tangazo la biashara tu, na hawakosi hoja. Aliyependekeza mada ni mwenye shule, Rodolphe Julian, na Bashkirtseff aliandika katika shajara yake kwamba haikumvutia. Tena waliochorwa ni mabinti wa watu wenye nacho.

Sawa, lakini tuitazame ada. École des Beaux-Arts, shule ya sanaa ya serikali isiyotoza karo, iliwafungia wanawake mlango hadi 1897. Kwa Julian walipokewa, ila kwa karo iliyokaribia mara mbili ya ile ya wanaume. Yaani kijana wa kiume mwenye kipaji aliweza kusomeshwa bure, na dada yake mwenye kipaji hichohicho alipe, tena alipe kuliko wanaume wa shule hiyohiyo. Sasa binti wa dobi angeingiaje mle? Anayemlaumu mchoraji kwa kutomwonyesha binti huyo anamwacha aliyemzuia mlangoni.

Halafu kuna wanachokifanya wanawake wa pichani. Mvulana amesimama jukwaani, nguo kiunoni tu, fimbo mkononi, na wanawake wamebanana mbele yake wakiuchora mwili wake. Johan Zoffany alipowachora wanachama wa Royal Academy, chuo cha sanaa cha London, mnamo 1771 na 1772, wakiwa na wanaume wa kuchorwa waliovuliwa nguo, Angelica Kauffman na Mary Moser, wanachama waanzilishi kabisa, aliwaweka kama picha mbili ukutani. Kisingizio cha kuwatenga wanawake na miili hiyo kilikuwa heshima. Bila kuusoma mwili, mchoraji wa zama zile hakuweza kushindania kazi kubwa za historia na dini, zilizoleta jina na fedha. Huku Paris wanawake wamekaa wenyewe, brashi mkononi.

Mwaka huohuo Bashkirtseff aliandika kwa jina la bandia la Pauline Orrel katika La Citoyenne, gazeti la mtetezi wa haki za wanawake Hubertine Auclert, akidai École iwafungulie wanawake. Kifua kikuu kilimuua mwaka 1884, akiwa na miaka 25, dai lake halijatimizwa. Wanaomwita mpiga debe wa Julian walipime hili: shule ya bure aliyoidai ingemnyang'anya Julian wateja wake wanaolipa zaidi.