Zagori: Kijiji Kikipata Wageni, Kimepata Wenyeji?

Chini ya tao la daraja la mawe la Konitsa, kaskazini-magharibi mwa Ugiriki, inaning'inia kengele ndogo. Upepo wa mlimani ukizidi, kengele inalia yenyewe, na zamani mwenye nyumbu alijua hapo asubiri kwanza. Daraja hilo linavuka mto Aoos na lina umri wa zaidi ya miaka 150. Leo magari yana daraja lao pembeni, na juu ya mawe ya kale wanaopanda ni wapiga picha.

Huo ndio mjadala wa mkoa wa Epirus, wenye Konitsa na Zagori, kwa ufupi. Mwezi Septemba 2023 UNESCO iliiingiza Zagori, eneo la vijiji 46 kwenye milima ya Pindus, katika orodha ya Urithi wa Dunia. Nyumba za mawe zilizoezekwa mabamba ya mawe, barabara za mawe, madaraja ya mawe, na katikati yake korongo la Vikos, ambalo sehemu fulani lina kina cha karibu mita 900. Ugiriki hupokea wageni zaidi ya milioni 30 kwa mwaka, wengi wao wakikimbilia visiwani. Swali ni kama kuwavuta wapande huku milimani ni dawa au ni maradhi mapya.

Wanaosema waje wana hoja nzito. Vijiji hivi havikuchoshwa na watalii. Vilichoshwa na upweke. Vita na Italia vilivyoanza Oktoba 1940, kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1946 hadi 1949, viliipiga milima hii vibaya. Waliobaki wakafuata kazi Athens na Ujerumani. Nyumba isiyokaliwa, hata iwe ya mawe, paa lake huanza kuvuja, na paa likishaanguka kuta hazikawii. Nyumba nyingi zilizosimama leo zimesimama kwa sababu mtu alizigeuza nyumba za wageni. Tena barabara imefungua njia: Egnatia Odos, yenye urefu wa kilomita 670 hivi, inatoka bandari ya Igoumenitsa hadi mpaka wa Uturuki. Kabla yake, kuvuka kutoka mji mdogo wa Metsovo kwenda mashariki kulikuwa kupanda kona za njia ya mlimani ya Katara, mita 1,700 juu ya bahari, na theluji ikianguka safari imekwisha.

Wanaohofia nao hawabwabwaji. Barabara inayomfikisha mgeni haraka ndiyo inayomrudisha haraka. Anakodi gari Ioannina, mji mkuu wa mkoa, asubuhi, anasimama kwenye daraja la Kokkori la mwaka 1750, anachungulia korongo pale Oxya, anakunywa kahawa kijijini Papingo, na jua likizama yuko mjini. Kijiji kimepata vumbi la magurudumu na bei ya kikombe kimoja. Na nyumba inayowaka taa Ijumaa na Jumamosi tu haimpeleki mtoto shuleni Jumatatu.

Kuna hoja moja ya kundi hili la pili ambayo mimi siikubali: kwamba fedha za nje zinaharibu uasili wa Zagori. Uasili upi? Chini ya dola ya Osmani vijiji hivi vilipewa nafasi ya kujitawala mambo yao, wanaume wakaenda kufanya biashara Bucharest, Istanbul na Misri, wakatuma fedha nyumbani. Madaraja yenyewe mara nyingi yaliitwa kwa majina ya waliotoa fedha za kuyajenga au kuyakarabati. Jirani pale Metsovo alizaliwa George Averoff, aliyetajirika Alexandria, na ni fedha yake iliyokarabati uwanja wa marumaru wa Athens kwa Olimpiki ya 1896. Kwa maneno mengine, milima hii ilijengwa na jasho lililotokea mbali, tangu zamani.

Ila tofauti ipo, na si ndogo. Yule mfanyabiashara wa Bucharest aliacha mama kijijini. Alipojenga daraja, alijua nani atalivuka siku ya mvua. Mgeni wa leo, hata awe mkarimu, hadai wala hadaiwi na mtu pale.

Halafu kuna suala la mafundi. Waashi wa vijiji vya upande wa Konitsa walitembea kwa makundi, na walikuwa na lugha yao ya siri ili mwenye nyumba asielewe wanachosemezana. Daraja la Plaka kwenye mto Arachthos, la mwaka 1866, lilipobomolewa na mafuriko tarehe 1 Februari 2015, kulirudisha kulihitaji wataalamu wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Athens na miaka mitano. Lilisimama tena 2020, na ni zuri. Lakini kazi iliyokuwa ya fundi na wanawe sasa ni mradi wa taifa.

Jambo linalonivutia zaidi halimo kwenye kadi za posta: misitu mitakatifu iliyo juu ya vijiji. Watu walikatazwa kuikata, kanisa likaweka laana juu ya mkataji, na kwa hivyo miti ikashikilia udongo usiporomokee nyumba. Msomaji wa Pwani atakumbuka kaya za Wamijikenda, misitu mitakatifu ya pwani ya Kenya, zilizoingia orodha hiyo hiyo ya UNESCO mwaka 2008.

Basi niko upande wa kwenda, kwa sharti. Viza ya Schengen pekee ni euro 90, na hairudishwi ukinyimwa. Aliyelipa hivyo ana kila sababu ya kutokimbia. Usiruke Ioannina pia: kisiwani mwa ziwa lake ndipo Ali Pasha, mtawala wa eneo hili chini ya Waosmani, alipouawa 1822, na ni mji huu ambao tarehe 25 Machi 1944 Wayahudi wake zaidi ya 1,800 walikusanywa wakapelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Kisha lala vijijini siku tatu, katikati ya wiki, mwezi Mei au Oktoba. Kijiji cha Vradeto sasa kina barabara, lakini acha gari chini upande ngazi zake za mawe, zaidi ya elfu moja. Ukifika juu utakuwa na njaa, na alevropita ya moto, pai ya unga, mayai na jibini la feta, utainunua kwa anayeishi huko huko.