Usiniulize Ninasoma Nini

Jamani, mtu akikuuliza mjini hapa, "Unasoma nini siku hizi?", usikimbilie kujibu. Mtazame mikono kwanza. Kama ameshika kitabu chake, keti naye, agizeni kahawa, mzungumze. Kama mikono mitupu, mwambie unasoma mita ya umeme, kisha uendelee na safari yako.

Sisemi hivi kwa uchoyo. Nasema kwa sababu navipenda vitabu, na kupenda vitabu Dar es Salaam ni kesi unayojifungulia mwenyewe.

Tuanze na mwendokasi. Toa kitabu ndani ya basi la Kimara saa kumi na moja jioni, wakati hata pumzi mnapokezana, halafu uone. Wa kwanza atakuhurumia: "Mzee, bado unasoma? Hongera, usikate tamaa." Anadhani narudia mtihani wa kidato cha nne. Wa pili atapinda shingo achungulie jalada. Akikuta si Biblia wala Msahafu, anauvuta mkoba wake kifuani, maana mtu mzima anayesoma hadithi hadharani hana kazi, na asiye na kazi ndani ya basi ni wa kuchungwa. Wa tatu ndiye balaa. Huyo hasemi kitu. Anasoma na wewe. Unasikia pumzi yake sikioni aya kwa aya, na ukitaka kufunua ukurasa anakugusa bega: "Taratibu bosi, hapo chini sijamaliza." Mmoja aliteremka Manzese akaniuliza kesho napanda saa ngapi.

Nikasema basi, acha niwatafute wapenda vitabu wenzangu, watu wa kunielewa. Nikawapata. Tunakutana Jumamosi jioni Sinza, uani kwa bibi mmoja mkunga mstaafu, chini ya mwembe. Chai ipo, kashata zipo, na kila mtu anaeleza anasoma nini na ni kitabu gani alichokipenda maishani. Ukisikia hivyo utadhani ni kipande cha pepo. Hujamsikia mwalimu.

Mwalimu alifundisha Kiswahili sekondari mpaka akastaafu, ila mtihani haukustaafu naye. Wewe unasema, "Mimi nimeipenda sana Kuli ya Adam Shafi," kichwani unamuona Rashidi na makuli wenzake kule bandarini Unguja, magunia mgongoni, mgomo wa 1948 unanukia. Yeye anavua miwani. "Dhamira kuu?" Unamtajia. "Dhamira ndogondogo? Toa tatu, kila moja na mfano wake." Kuna siku nilijaribu kusema kwamba nilipofika mwisho nililia. Akanitaka nieleze kulia kwangu ni kwa sababu ya fani au ya maudhui.

Na si yeye peke yake. Msimamishe Mtanzania yeyote barabarani umuulize kitabu anachokipenda, atakujibu bila kufikiri: Takadini. Au Watoto wa Mama N'tilie. Au Joka la Mdimu. Moyo unakuruka, kumbe taifa linasoma! Muulize sasa kwa nini anakipenda. Anakunja uso, anatazama juu, anaanza: "Mwandishi amefanikiwa kwa kiasi kikubwa kuonesha hali halisi ya jamii yetu..." Hapo kaa ukijua umekutana na mtahiniwa. Kitabu ni kizuri, sikatai, lakini yeye alikifunga siku ya mtihani na hajafungua kingine tangu hapo.

Halafu tuna kijana mmoja wa chuo kikuu. Huyo anasoma Nagona na Mzingile za Kezilahabi, basi. Vitabu vyembamba, unaweza kuvitia mfuko wa shati, lakini anavibeba kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Ukisema lolote juu ya Nagona anatabasamu na kutikisa kichwa: "Hujaielewa." Nikaisoma tena, nikarudi na maoni mengine. "Hujaielewa." Nikamuuliza, haya, wewe umeelewa nini? Akasema kitabu kile si cha kueleweka. Sasa ndugu yangu, kama mimi sijaelewa na wewe hujaelewa, mbona wewe ndiye unayetabasamu?

Kijana huyo na mwenzetu mwingine, fundi friji, hawapikiki chungu kimoja. Fundi ni wa Willy Gamba tu, yule mpelelezi wa riwayani. Alianzia Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, ya mwaka 1974, na toka hapo hakurudi tena kwenye maisha ya kawaida. Haketi akiupa mlango mgongo. Ukimuuliza anakaa wapi anakutajia mtaa wa jirani na kwake. Kijana anaziita hizo riwaya pendwa, na anavyolitamka hilo jina utadhani kataja ugonjwa, kana kwamba za kwake ni riwaya chukiwa. Mimi niko upande wa fundi. Akianza kusimulia, watoto wa nyumba ya pili wanakuja kukaa juu ya ukuta. Kijana akianza, hata paka wa bibi anakumbuka ana miadi.

Kilichonimaliza kabisa ni mambo ya Gurnah. Oktoba 2021 Abdulrazak Gurnah akapewa Nobeli ya fasihi. Kabla ya hapo sijawahi kulisikia jina lake likitajwa chini ya ule mwembe. Jumamosi iliyofuata, kila mtu alikuwa amemsoma tangu zamani. Zamani ipi, na vitabu vyenyewe viko kwa Kiingereza, na mwenzetu mmoja hata karatasi ya dawa anampa mwanawe amsomee? Tukabishana jioni nzima kama tuzo ni ya Zanzibar alikozaliwa, ni ya Tanzania, au ni ya Uingereza alikohamia tangu miaka ya sitini. Watu wamesimama, vidole viko juu, kashata zinamwagika. Mimi nikauliza kwa upole: jamani, ni kitabu chake kipi kilichokugusa? Kimya. Mmoja akakohoa akasema, "Vyote."

Mwaka uliofuata Ida Hadjivayanis akaitafsiri Paradise ya Gurnah, ikatoka kwa jina la Peponi. Nikasema leo hapana pa kujificha, tutasoma wote. Thubutu! Sasa wanasema wao waliipenda zaidi kwa Kiingereza.

Mtu pekee anayesema kweli pale ni bibi mwenyewe. Yeye anasoma Shaaban Robert, na akimaliza anasoma Shaaban Robert. Adili na Nduguze ameirudia mpaka uti wa kitabu umebaki nyuzi. Wale ndugu wawili waliogeuzwa manyani wakawa wanachapwa kila usiku, Hasidi na Mwivu, bibi anaapa anawajua, walikuwa majirani zake Tanga. Ukimwambia ni hadithi anakujibu, "Mwanangu, na Shaaban Robert naye si mtu wa Tanga? Unadhani aliwatoa wapi?" Mwalimu mwenyewe hathubutu kumuuliza dhamira. Na kitabu chake bibi haazimi mtu. Kiko sandukuni chini ya kanga, kinanukia udi, ukitaka kukisoma unakaa palepale mbele yake, mikono umenawa.

Laiti ningekuwa na roho hiyo.

Mimi vitabu vyangu navinunua Posta, vile vya mtumba vinavyotandikwa chini kando ya Samora. Wale vijana hawauzi kitabu, wanauza uso wako. Ukionesha umekipenda, bei inapanda papo hapo. Inabidi uanze kuulizia kamusi usiyoitaka, uipinge, uilaumu, ugeuke kama unaondoka, halafu useme, "Na hiki kichakavu je?" Hivyo ndivyo nilivyojipatia hadithi moja ya Bwana Msa, yule mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla tuliyeanza kumjua 1960 na kiko chake mdomoni, na Najum akimfuata nyuma. Nikafika nyumbani, nikavua viatu, nikafungua. Kurasa za mwanzoni tu, mwenye kitabu wa zamani alikuwa amechora duara kwa kalamu nyekundu kuzunguka jina la mtu, na mshale, na neno moja: HUYU.

Nilikasirika nikataka kukitupa. Hadithi ya upelelezi imeshapelelezwa! Lakini pesa imetoka, nikaendelea kusoma huku namtazama yule mtu kwa jicho baya. Akicheka, nasema cheka tu. Akitoa salamu, nasema mnafiki mkubwa. Nimefika mwisho, si yeye! Yule wa kalamu nyekundu alikuwa anabahatisha tu. Nimemchukia mtu wa watu kitabu kizima kwa umbeya wa mtu nisiyemjua.

Hayo bado ni ya kheri. Njoo kwenye kuazima. Sisi huku tuna adabu zetu: sahani ya jirani hairudi tupu, ukiletewa futari nawe unairudisha na chochote ndani. Kitabu hakimo katika adabu hizo. Kitabu kikivuka kizingiti kimeolewa mbali.

Chukua huyu shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Aliniomba Rosa Mistika ya Kezilahabi "kwa wikiendi moja tu, shemeji". Wikiendi hiyo haijaisha mpaka leo. Nilipomdai nikaambiwa kiko Morogoro kwa rafiki yake. Baadaye kiko Dodoma kwa dada wa rafiki. Mara ya mwisho kimeonekana Mwanza, na yuko mtu anayetaka kuvuka nacho ziwa. Yaani kitabu kinapanda meli kurudi kwao, maana hadithi yenyewe ni ya Namagondo, Ukerewe, kijiji alikozaliwa Kezilahabi. Mimi niliyekinunua sijawahi kuvuka Chalinze kwa jambo la starehe. Kitabu hicho kilitoka 1971 kikaja kupigwa marufuku mashuleni, na bibi anasema wasichana wa wakati wake walikuwa wanakificha katikati ya daftari. Siku hizi marufuku hakuna, ila kazi hiyo ameirithi shemeji: nyumbani kwangu hakisomeki.

Halafu akachukua Vuta n'kuvute, ya Adam Shafi huyohuyo wa Kuli. Mwaka 2021 Amil Shivji akaitengenezea filamu. Nikamdai kitabu. Akanishangaa. "Shemeji, si wametoa filamu? Nenda kaitazame."

Mke wangu nikimlalamikia ananiambia nishukuru, mdogo wake anaazima vitabu, wenzake wanaazima pesa. Nimemkumbusha kwamba pesa pia anaazima.

Na wapo wa simu. Hao hawakuombi kitabu, wanakuomba "softi kopi". Unamwambia nimekipenda kitabu fulani, hajauliza kinahusu nini wala kimeandikwa na nani, "Nitumie PDF." Nitaitoa wapi? Mwandishi amekesha, mchapishaji amelipa karatasi na wino, wewe umekaa umenyoosha miguu unataka kitabu kiingie kwenye simu bure kama meseji ya promosheni. Kesho huyohuyo analalamika kwamba waandishi wetu siku hizi hawaandiki.

Sasa Jumamosi iliyopita mwalimu akatangaza kitabu cha mwezi ujao: Kisima cha Giningi, Bwana Msa tena, cha mwaka 1968. Watu wakashangilia. Fundi friji akahamisha kiti ili aone mlango vizuri zaidi. Mwalimu akauliza, nani ana nakala? Kimya. Kijana wa chuo akasema yeye hasomi riwaya pendwa, lakini hii angeipitia. Wa PDF akasema nitumieni.

Bibi, ambaye kumbukumbu zake hazina huruma, akaniangalia. "Si wewe, mwanangu, uliyesema mwaka jana unacho?"

Macho yote kwangu. Nikakiona kitabu changu kikianza safari: kwa mwalimu kinapigiwa mistari chini ya kila tamathali ya semi, kwa fundi kinafunikwa mafuta ya kompresa, kwa kijana kinatiwa alama za kuuliza ukingoni, na kwa yule wa simu kinabinuliwa kama mkate ili kipigwe picha ukurasa kwa ukurasa. Nikajikuta nasema, "Ninacho, bibi. Ila nimemwazimisha shemeji yangu."

"Shemeji yupi?"

"Mdogo wake mama watoto."

"Si ndiye huyu?"

Nikageuka. Shemeji alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu na kashata mdomoni. Sijui nani alimwalika, wala sijui amefika saa ngapi. Akanitazama, nikamtazama. Akatafuna, akameza, akafuta midomo.

"Shikamoo, bibi. Ni kweli, kiko kwangu. Ila kuna mtu wa Mbagala nimempa mara moja tu, wikiendi hii."

Watu wakaguna. Wanamjua mtu wa Mbagala, kila mmoja ana wa kwake. Mwalimu akakuna kichwa, akasema basi tutasoma kitabu kingine, kila mtu alete hoja nne. Nikashusha pumzi, nikammiminia shemeji chai kwa mkono wangu mwenyewe, nikamsogezea na sahani ya kashata.

Wakati wa kuondoka tukaongozana mpaka kituoni. Daladala ilipofunga breki akaniinamia sikioni.

"Shemeji, kile cha Giningi kesho asubuhi nakipitia. Na kile cha jalada la kijani ulichokificha nyuma yake."