Lami tunaitaka, bili hatuitaki

Mvua za Machi zikishaanza, mtu anayetukanwa kuliko wote Uganda ni injinia wa manispaa. Mwizi, mvivu, hajui kazi, kitambi kile ni cha pesa zetu. Na matope yapo kweli, mashimo yapo, mimi mwenyewe napita humo humo sikatai. Ila nimechoka na hadithi ya upande mmoja, kwamba sisi wakazi ni malaika tunaoonewa na ofisi ya mji ni genge, kwa sababu kuna jambo hatulisemi na hatulisemi kwa vile linagusa mfuko.

Lakini tuanze na wakazi, maana hoja zao si za kubeza. Angalia barabara za mtaa zinavyowekwa lami siku hizi. Mkandarasi anamwaga maramu, ile changarawe nyekundu, anashindilia, anaongeza tabaka lingine, mwisho barabara imepanda na baraza la nyumba limebaki chini, mvua ikinyesha maji yanaruka mtaro, kama mtaro wenyewe upo, yanaingia ndani. Mama aliyekuwa anapika chapati mbele ya nyumba yake sasa kila wingu likitanda anapanga magunia ya mchanga mlangoni, na wateja hawashuki tena kwa sababu kalvati la kuingilia kwake halikuwekwa, kuna ubao tu umelazwa juu ya mtaro na ubao wenyewe unacheza. Akienda kuuliza anaambiwa mama, kikao cha wakazi kilikaa, mahudhurio haya hapa. Kilikaa ndiyo, mchoro ukiwa umeshapitishwa zamani.

Halafu ardhi. Katiba ibara ya 26 inasema fidia ilipwe kwanza, ndipo ardhi ichukuliwe, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu Zaidi ilikazia hilo kwenye kesi ya Irumba na UNRA, iliyokuwa mamlaka ya barabara kuu, mambo ya barabara ya Hoima kwenda Kaiso-Tonya. Serikali ikajaribu mwaka 2017 kuibadilisha ibara hiyo, watu wakapiga kelele, mswada ukarudi ulikotoka. Sawa, lakini hayo ni ya barabara kubwa. Huku mtaani mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji au mtaa, anapita nyumba kwa nyumba na karatasi ya kutoa mita mbili tatu "kwa hiari", ukikataa mtaa mzima unakutazama wewe ndiye unayezuia maendeleo. Hiari gani hiyo? Hapo wakazi wana haki na sina la kuongeza.

Sasa njoo upande wa ofisi, na hapa naomba tusikimbie.

Mwaka 2005, uchaguzi wa 2006 ukinukia, miji yetu ilipoteza mifuko miwili kwa mpigo. Wa kwanza ni ile kodi ya kichwa, gradueti. Wazee wanaikumbuka vizuri, wanaume walikuwa wanalala kwenye migomba wakikimbia askari wa kodi alfajiri, wengine walifungwa kwa sababu ya shilingi elfu chache, kodi ile ilikuwa na ukatili na sitaki mtu aseme nailia. Ilifutwa, watu wakashangilia. Serikali kuu ikaahidi kufidia halmashauri, fidia yenyewe haikuziba pengo. Baadaye, 2008, ikaja kodi ya huduma ya mtaa ambayo hata mwenye mshahara mnene kabisa halipi zaidi ya shilingi 100,000 kwa mwaka. Kwa mwaka mzima hiyo, si kwa mwezi.

Mfuko wa pili ndio haswa unaoninyima usingizi, kwa sababu huu hatuuzungumzi kabisa. Sheria ya kodi ya majengo ya mwaka huo huo 2005 ilisema nyumba anayoishi mwenyewe mwenye nyumba isilipe. Ukiisikia haraka haraka ni huruma tupu, nani anataka bibi kizee atozwe kwa paa lake mwenyewe? Haya, ifuate mpaka mtaani uone inafanya nini.

Kijana mpika rolex, zile chapati za mayai, amepanga muzigo Katwe au Kisenyi, mitaa ya watu wa chini Kampala, chumba kimoja, choo cha kugawana, pazia katikati kutenga kitanda na jiko. Jengo ni la kupangisha kwa hiyo linatozwa, KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, inachukua asilimia 6 ya ile thamani inayokokotolewa kutoka kwenye kodi ya pango ya mwaka. Mwenye nyumba hawezi kuitoa kwenye faida yake, ataitia kwenye kodi ya chumba, na kijana atailipa bila kujua kama amelipa. Sasa panda Muyenga, kilima cha matajiri. Bwana ana nyumba ya ghorofa mbili, bustani, jenereta, magari matatu mazito yanayokanyaga lami asubuhi na jioni, na kwa sababu analala humo mwenyewe analipa sifuri. Sifuri kabisa. Na gari lake likiingia shimoni ndiye wa kwanza kupiga picha, anaandika "kodi zetu zinaenda wapi". Zako zipi bwana? Ya barabara hii mbele ya geti lako inalipwa na yule mpika rolex wa Katwe.

Watu watasema tunalipa VAT, tunalipa kwenye petroli, tunalipa kwenye airtime. Ni kweli, tena nyingi. Lakini hizo zinaenda serikali kuu na zinarudi mjini zikiwa na masharti, hii ni ya mishahara ya walimu, hii ya zahanati, usiiguse kwa barabara. Kwa wilaya nyingi, zaidi ya asilimia 90 ya bajeti yao inatoka serikali kuu Kampala. Tangu mwaka wa fedha 2023/24 kila wilaya, manispaa na jiji inapewa shilingi bilioni 1 kwa mwaka ya kutunza barabara, na tunaisikia bilioni tunaona wameuaga umaskini, wakati kilomita moja tu ya lami ya mjini yenye mitaro na taa inakula mabilioni kadhaa. Bilioni moja ni ya mafuta ya greda na maramu ya kuziba mashimo. Arua, Gulu, Mbale, Jinja waliambiwa Julai 2020 nyinyi sasa ni majiji, mipaka ikapanuliwa ikameza vijiji vizima na njia zake za ng'ombe, na mkazi wa kijijini alipoamka akiwa mtu wa jiji akaanza kudai lami ya jiji. Ana haki ya kudai, ila itoke wapi?

Hata lile jambo linalotukera kuliko yote, greda kumwaga maramu katikati ya mvua, lina maelezo yake. Mwaka wa fedha unaisha Juni 30 na pesa isiyotumika inarudi hazina kuu. Pesa inashuka kwa robo robo, inachelewa, zabuni nayo ina siku zake, ikiwa tayari ni Aprili ama Mei na mvua ndiyo imekolea. Injinia afanye nini, asubiri jua la Julai akute akaunti imefyekwa, au amwage sasa hivi nusu ichukuliwe na maji? Anamwaga. Sisi tunapita pale tunasema huyu mtu ana akili kweli? Wezi wapo ofisini humo, sijasema hawapo, ila si kila maramu iliyosombwa imeibwa.

Na angalia mashimo ya Kampala yalivyozibwa 2023. Jimmy Spire Ssentongo, yule mchora katuni na mhadhiri, alianzisha maonyesho ya mashimo kule Twitter mwezi wa Aprili, picha zikajaa, nchi nzima ikacheka na kulia, na Rais akaagiza KCCA ipewe bilioni 6. Ilikuwa kazi nzuri, nampa heshima yake. Lakini jiji lenye barabara takriban kilomita 2,100, chini ya theluthi moja ndiyo ilikuwa na lami mwaka huo, linasubiri agizo kutoka Ikulu ndipo lizibe mashimo, na sisi tunaita huo ushindi.

Kwa hiyo mimi nasema nyumba ya kuishi mwenyewe ilipe. Si zote. Wazee wetu wa Kinubi kule Bombo walioachiwa nyumba na wazazi na hawana kipato waachwe, iwekwe thamani ambayo chini yake hulipi kitu, mathamini wapo na kazi hiyo wanaiweza. Lakini jumba la Muyenga, la Kololo, na yale ya kifahari yanayoota pembeni mwa Mbarara, yalipe. Wakazi wanaosema hatulipi mpaka tuone uaminifu nawaelewa, maana ni wao walioona lile karatasi la hiari na yule mama na magunia yake. Basi masharti yaende pande zote: sheria hiyo hiyo ya 2005 inataja barabara, taa za mitaani, mitaro na taka kama huduma ambazo halmashauri inapaswa kutoa, kwa hiyo kila muluka, yaani kata ndogo ya vijiji au mitaa kadhaa, ubandike ukutani kilichokusanywa kwake na barabara gani imepata. Isisemwe haiwezekani, mpango wa PDM, ule wa serikali wa kuinua kipato cha wakazi, unapeleka milioni 100 kwa kila muluka kwa mwaka, na muluka ambao unaweza kupokea milioni 100 unaweza kubandika karatasi moja. Mchoro nao uletwe kwenye kikao kabla haujapitishwa, na urefu wa barabara kwenda juu uandikwe kwa sentimita mbele ya kila mlango, ili mama ajue mapema kama atahitaji kalvati au atahitaji kuhama.

Kaunsela, yaani diwani, wa kulisema hili kwenye kampeni bado sijamsikia, wa chama chochote.