Anayeanza gofu apimwe kwa futi kamba, mashine isubiri

Mtu akishanogewa na gofu, haichukui muda kabla hajaambiwa kwamba shida yake ni fimbo. Mpira ukikata kulia, lawama ni ya fimbo. Usiporuka, ni fimbo tena. Basi anashauriwa akapimiwe: apige mipira thelathini au arobaini mbele ya mashine, asomewe takwimu, kisha aundiwe seti yake mwenyewe. Kwa aliye katika miezi yake sita ya kwanza, naona pesa hiyo inatoka mapema mno. Hata hivyo sikubaliani na wale wanaosema anayeanza achukue fimbo yoyote ile. Kuna vipimo vya aina mbili hapa, na wengi huvitia kapu moja: kipimo cha mwili wako na kipimo cha pigo lako. Mwili unao tayari. Pigo bado huna.

Mashine kama TrackMan au GCQuad husoma kasi ya kichwa cha fimbo, njia kinayopita, uso ulikoelekea, mpira ulivyoondoka na ulivyozunguka. Hukosea kusoma mara chache. Lakini anayeanza hupiga mpira mmoja kwa ncha ya kichwa cha fimbo, wa pili kwa kisigino chake (upande ulio karibu na mpini), na wa tatu baada ya kuchimba ardhi kwanza. Ukichukua wastani wa mapigo hayo unapata mchezaji ambaye hayupo. Anayekupimia, hata awe mahiri kiasi gani, atalazimika kuunda fimbo ya kufidia kosa: draiva (fimbo ndefu ya pigo la mbali) yenye uso uliofungwa kidogo, au aironi (fimbo za kichwa cha chuma) zilizosimamishwa zaidi ili mpira usikimbilie kulia. Miezi mitatu baadaye kocha anakurekebisha mshiko, kichwa cha fimbo hakikati tena kutoka nje kuingia ndani, na fimbo zile zile sasa zinautupa mpira kushoto. Kasi nayo hubadilika. Mtu aliyeanza na maili 75 kwa saa kwa draiva anaweza kufika 88 kwa sababu tu amejifunza kugeuza mwili badala ya kupiga kwa mikono, na mpini (ufito mrefu wa fimbo) laini aliouziwa siku ile haumfai tena. Pesa hiyo ingemlipa kocha kwa masomo kadhaa, na kwa kiwango hicho somo moja la mshiko hubadilisha mpira kuliko mpini wowote.

Kipimo cha mwili, kwa upande mwingine, usikiruke hata wiki ya kwanza. Vaa viatu vyako vya kuchezea, simama wima, mikono ining'inie yenyewe, na mtu apime kwa futi kamba kutoka kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono hadi sakafuni. Ukiwa kati ya inchi 34 na 37, fimbo za urefu wa kawaida zinakufaa, na hapo ndipo watu wazima wengi wenye sentimita 170 hadi 183 huangukia. Chini ya hapo unahitaji kupunguza robo hadi nusu inchi, wakati mwingine zaidi. Juu ya hapo, kuongeza. Usitumie kimo peke yake, maana watu wawili wa kimo kimoja huweza kupishana sana urefu wa mikono.

Kisha mshiko. Shika fimbo kwa mkono wa juu: kidole cha kati na cha pete viguse kwa shida nyama iliyo chini ya dole gumba. Vikichimba kiganjani, gripu (mpira wa kushikia) ni nyembamba, nawe utaibana kwa nguvu hadi mikono ya mbele ikakamae. Visipofika, ni nene. Gripu hubadilishwa kwa muda mfupi, na fundi anaweza kuongeza unene kwa kuzungusha tepu chini yake. Ukicheza pwani, kwenye joto na jasho, tazama pia kama raba yake imekauka na kung'aa. Gripu inayoteleza inakufundisha kubana.

Mlalo, yaani pembe kati ya mpini na ardhi, unaupima ukishaanza kuugusa mpira vizuri. Chora mstari mnene kwenye mpira kwa kalamu ya ubao mweupe, uweke mpira mstari ukiwa wima na ukitazama uso wa fimbo, kisha piga kwa aironi namba 7. Wino utaachwa usoni. Mstari ukisimama wima kukatiza mifereji ya uso huo, mlalo uko sawa. Kichwa cha mstari kikiinamia upande wa ncha, fimbo imesimama mno na, kwa mpiga kulia, itauelekeza mpira kushoto. Kikiinamia kisigino, imelala mno. Rudia mara kumi na uangalie alama iliyo nyingi. Aironi nyingi za chuma cha kufuliwa hupindika nyuzi 2 hivi bila matatizo. Za kumiminwa kwa chuma kigumu ziache kwa fundi anayezijua, kwani huweza kuvunjika shingoni, pale kichwa kinapopokea mpini.

Kuna watu ambao kwao haya hayangoji, na inaniuma kuona wanavyopuuzwa. Mwanamke mfupi hupewa seti ya zamani ya mume au kaka, ikakatwa inchi moja, akaambiwa acheze. Kukata nusu inchi huondoa takriban pointi tatu za uzito unaousikia kwenye kichwa cha fimbo, hukazisha mpini, na hulaza fimbo kwa karibu nyuzi 1. Kata inchi nzima na madhara yanajirudia mara mbili. Anabaki na chuma kigumu kisichomsaidia kuinua mpira, ambacho ncha yake inachimba ardhi, halafu anaambiwa hana nguvu. Yeye anahitaji mpini mwepesi wa grafiti, daraja la L au A (yaani ulio laini), uliotengenezwa kwa urefu wake tangu mwanzo. Watoto ni hivyo hivyo. Mzazi aliyezoea kununua sare kubwa ili mtoto aikulie asifanye hivyo kwenye fimbo, kwa sababu fimbo ndefu humfanya mtoto asimame mbali, ainuke wakati wa kupiga, na kosa hilo anakua nalo. Mwenye baridi yabisi ya vidole naye aende mapema: gripu nene kidogo na mpini wa grafiti hupunguza mshtuko. Na anayetumia mkono wa kushoto asikubali fimbo za kulia kwa sababu tu ndizo zilizopo klabuni.

Wengi wetu Nairobi, Arusha, Kampala au Dar es Salaam tutaanza na mitumba, na si vibaya. Sheria inaweka kikomo cha fimbo 14, haikulazimishi kuzifikisha. Saba zinatosha: draiva au mbao namba 5 (ndugu yake fupi), haibridi moja (kati ya mbao na aironi), aironi namba 6 na 8, wedji ya kawaida (ya mapigo mafupi ya juu), wedji ya mchanga, na puta (ya kusukumia mpira shimoni). Kwa draiva chagua yenye lofti (mwinuko wa uso) ya nyuzi 10.5 hadi 12, na kama ina shingo ya kuzungushwa kwa ufunguo ni bora zaidi, maana utairekebisha pigo lako likibadilika bila kununua nyingine. Kabla ya kulipa, viringisha mpini mezani uone kama umepinda, tikisa kichwa usikie kama gundi imeachia, kagua kutu pale mpini unapoingia shingoni, na hakikisha aironi zote zina mpini wa aina moja. Seti iliyounganishwa kutoka seti tatu hukudanganya kuhusu umbali.

Puta ndiyo ningekubali ipimwe vizuri hata mwezi wa kwanza, kwa kuwa pigo lake ni fupi na halibadiliki sana. Nyingi huuzwa na inchi 34 au 35, na kwa mtu wa kimo cha wastani anayeinama vizuri hiyo huwa ndefu: macho yanabaki ndani sana ya mstari wa mpira, yaani upande wa miguu yako. Ikatwe hadi macho yawe juu ya mpira au ndani kidogo tu.

Utajuaje wakati wa mashine umefika? Puliza poda ya miguu kwenye uso wa aironi namba 7, piga mipira kumi, ukifuta baada ya kila mmoja. Saba zikiangukia eneo la ukubwa wa sarafu, siku mbili tofauti, weka miadi. Nenda na fimbo zako za sasa ili kuwe na cha kulinganisha, pasha mwili kabla, anzia aironi badala ya draiva, na acha ukianza kuchoka. Ukipimiwa Nairobi nawe unachezea Mombasa, usibebe umbali ulioandikwa pale. Hewa nyepesi ya zaidi ya mita 1,600 huusafirisha mpira mbali kuliko ya usawa wa bahari. Urefu, mlalo na unene wa gripu vitabaki vile vile ukishuka.