Mkemia wa Kigoma Asihamie Dar

Tumeizoea safari hii. Kijana anapangiwa chuo huku kwetu na shahada yake ya sayansi na ualimu, anafundisha kemia misimu michache, anafundisha vizuri, halafu anaanza kuulizia nafasi ya shahada ya uzamili Dar es Salaam au Dodoma. Akiipata, tunamchangia nauli, tunapiga picha ya pamoja, tunamwambia ametoboa. Akishamaliza masomo harudi, na hakuna anayemlaumu.

Nami nafundisha kemia katika chuo kimoja mkoani Kigoma, na pongezi hizo zinanikera. Kusoma asome, tena sana. Ninachobishia ni imani iliyo nyuma ya safari: kwamba huku kuna kufundisha tu, utafiti uko kule.

Imani hiyo haikuzuka hivihivi, imejengwa na muundo wa utumishi. Chuo kikuu kina ngazi yake: mkufunzi msaidizi, mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Kuanzia uhadhiri kwenda juu, kinachokupandisha hasa ni machapisho. Huku kwenye vyuo vya ualimu na vyuo vya kati tunapanda kwa miaka, kwa vyeti na kwa tathmini ya kazi. Utafiti haumo, au umo kwa jina tu. Basi mwenye hamu ya utafiti anaona mlango mmoja, wa kutokea. Na asiyetaka kuhama anajiona kama hana ruhusa ya kuuliza swali ambalo jibu lake haliko kitabuni.

Tuanze na jinsi tunavyofundisha kupima. Kila aliyesoma sayansi nchi hii anaijua taitresheni, zoezi la kupima nguvu ya asidi au besi: asidi kwenye bureti (mrija wa kioo wenye koki), besi kwenye pipeti, matone mawili matatu ya kiashiria cha kugeuza rangi, POP au MO, unafungulia koki taratibu mpaka rangi igeuke, unarudia, unatafuta wastani. Ni zoezi zuri. Mkono unaoweza kufunga koki tone moja kabla rangi haijapitiliza ni mkono uliofundishwa. Lakini jibu la zoezi lile linajulikana kabla mwanafunzi hajavaa koti. Fundi wa maabara ameichanganya asidi asubuhi na namba anayo mfukoni. Mwanafunzi anatoka kidato cha nne, anatoka kidato cha sita, anakuja kwetu kusomea ualimu, na katika miaka yote hiyo hajapima hata kitu kimoja ambacho hakuna anayejua thamani yake.

Wakati huo huo mkoa umejaa vitu vya namna hiyo.

Chukua mawese. Nilikuwa Simbo, mama mmoja muuza mafuta akasikia kwamba ni mwalimu wa kemia. Akaniita.

"Mwalimu, wewe si ndiye wa madawa? Nieleze basi, haya mafuta mbona yanakereketa kooni?"

"Chikichi umezikalisha siku ngapi, mama?"

"Mpaka zilegee zenyewe, mwanangu. Kuzipura mbichi utavunjika mikono."

Jibu lake lina kemia nzima ndani yake. Tunda la mchikichi lina kimeng'enya kinachovunja mafuta. Tunda likiwa zima kwenye mkungu, kimeng'enya na mafuta vimetengana. Likichubuka, likiiva kupita kiasi au likikaa siku nyingi likilegea, vinakutana, na mafuta yanaanza kuachia asidi huru. Asidi hiyo ndiyo inayokereketa koo, na ndiyo inayoyafanya mafuta yachache upesi. Kuchemsha tunda kunakiua kimeng'enya, lakini kama umechelewa, kilichokwisha kuvunjika hakirudi. Viwanda vikubwa vya nchi zinazouza mawese duniani huwahi kuipiga mikungu mvuke mara tu baada ya kuvunwa kwa sababu hiyo hiyo. Mnunuzi wa kimataifa anataka asidi isizidi asilimia 5. Huku kwetu bei inapangwa kwa ndoo, kwa rangi na kwa kuonja, kwa hiyo mama wa Simbo hana sababu ya kuharakisha. Akijivunja mikono kupura chikichi mbichi, hatalipwa hata shilingi zaidi.

Asidi hiyo inapimwaje? Kwa bureti. Unapima mafuta kwenye mizani, unayayeyusha kwenye ethanoli ya moto iliyokwisha kuondolewa asidi yake, unatia POP, unadondosha alkali ya nguvu inayojulikana, kisha unapiga hesabu kwa uzito wa molekuli ya asidi ya palmitiki, asidi kuu ya mawese, yaani 256. Ni zoezi lile lile la mtihani, ila namba haiko mfukoni mwa mtu.

Halafu kuna kero tamu ambayo mtihani hauwezi kukupa. POP inageuka waridi, na mawese ni mekundu kwa sababu ya karotini. Waridi ndani ya wekundu utaionaje? Mwanafunzi aliyezoea kupata jibu anakwama hapo, anakuangalia. Inabidi afikiri: apunguze mafuta aongeze kiyeyusho, au atafute kiashiria kingine kinachogeuka rangi isiyofanana na nyekundu, halafu athibitishe kwamba alichobadilisha hakijapotosha jibu. Siku hiyo anaanza kuwa mkemia. Ningetoa vipindi vingi vya nadharia kwa asubuhi moja ya namna hiyo.

Uvinza nitaipitia haraka. Chemchemi za maji ya chumvi zilizoko karibu na makutano ya Malagarasi na Ruchugi zimechemshwa na watu kwa zaidi ya miaka 1,000, na biashara ya chumvi ile ilienda mbali. Leo chumvi ya kula inatakiwa iwe na madini joto (iodini), na chumvi ikifika nyumbani inahesabiwa kuwa inatosha ikiwa na angalau miligramu 15 kwa kilo. Madini hayo hupungua kwa unyevu na joto. Je, mfuko ulioanikwa wazi sokoni Kasulu msimu wa mvua unabaki na kiasi gani baada ya wiki kadhaa? Kipimo chake ni taitresheni ya thaiosalfeti, na kiashiria ni wanga. Uji mwepesi wa muhogo unaweza kufanya kazi hiyo.

Ziwa nalo. Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na watu wengi wa hapa wanaijua hiyo kama sifa ya kutembea nayo. Wachache wanajua kwamba ukishuka mita 100 hadi 200 hivi oksijeni inakwisha, na chini ya hapo kuna maji yenye gesi inayonuka kama yai viza. Samaki wote tunaowala, dagaa na migebuka, wanaishi kwenye ukanda ule mwembamba wa juu. Mpaka kati ya maji hai na maji yasiyo na hewa ndio unaoamua riziki ya mwambao mzima, na kuupima kwa njia ya Winkler ya kupima oksijeni, iliyotoka mwaka 1888, kunahitaji chupa ya kushusha kwa kamba, kemikali chache na, samahani kwa kurudia, bureti. Kina kirefu kinataka boti na vifaa, na kwa hilo TAFIRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa uvuvi, wana kituo hapa hapa Kigoma. Mkufunzi anayetaka kuanza anaweza kuanzia kwenye maji ya ufukweni, pale taka za mji zinapoingia, na kuona oksijeni inavyobadilika asubuhi na jioni.

Najua nitakachoambiwa. Utafiti wa kemia wa leo ni mashine: kromatografia, spektrometa, vitu vya mamilioni. Ni kweli kuna maswali yasiyojibika bila mashine. Anayetaka kutenga molekuli mpya kutoka kwenye mti na kueleza umbo lake lazima aende zilipo. Lakini mashine ile inataka umeme usioyumba, na mkoa huu kwa miaka mingi uliendeshwa kwa jenereta za dizeli. Inataka gesi safi kwenye mtungi, inataka fundi, na fundi yuko Dar, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Nimeona mashine nzuri ikigeuka samani kwenye chuo fulani kwa kukosa kipuri kidogo kuliko kidole. Bureti haizimiki. Ikivunjika inauma, lakini unanunua nyingine.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: nani atachapisha takwimu za asidi ya mawese ya vijiji vya Kigoma? Hapa ndipo nawakasirikia kidogo wenzangu wa vyuo vikuu. Kwa kufukuzia pointi za kupanda daraja, baadhi yao wamekubali kulipia kurasa kwenye majarida ambayo hayasomwi na mtu, yasiyokataa chochote mradi ada imelipwa. Makala ya namna hiyo inahesabiwa. Daftari la mkufunzi aliyepima mafuta ya sokoni msimu mzima, kwa uangalifu, akarudia na kurudia, halihesabiwi. Mimi nikipewa yote mawili nijue kipi ni sayansi, sitasita. Na wala si kweli kwamba hakuna pa kupeleka: Tanzania Journal of Science ipo, na kazi safi inayotoka mahali ambapo hapajawahi kupimwa ina nafasi yake.

Wakemia wetu wanaojulikana walitumia nini? Profesa Mayunga Nkunya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alijenga jina kwa kemia ya mimea ya Tanzania, ikiwemo ile ya jamii ya Uvaria iliyochunguzwa kama inaua vimelea vya malaria. Hayati Rais Magufuli, kabla ya siasa, alifundisha kemia na hisabati Sengerema, na udaktari wake wa falsafa wa mwaka 2009 ulihusu mafuta ya ganda la korosho katika kukinga chuma kisishike kutu. Msitu na korosho, vitu vya hapa nchini. (Na tuseme tu ukweli: Nkunya baadaye akawa Katibu Mtendaji wa Tume ya Vyuo Vikuu, Magufuli akawa alivyokuwa. Nchi hii ikimpenda mkemia humtoa maabara ikampa ofisi.)

Hata kisa cha Erasto Mpemba tunakisimulia nusu. Tunapenda ile sehemu ya mwanafunzi wa sekondari ya Magamba mwaka 1963, maziwa ya moto yakaganda kabla ya ya baridi, wakamcheka. Tunaisahau sehemu ya Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu aliyeulizwa swali lile mbele ya darasa zima. Yeye hakuamini, lakini alirudi chuoni akahakikisha limejaribiwa, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja, jina la mwanafunzi likiwa mbele. Nikisema mkufunzi mtafiti namaanisha mtu wa aina ya Osborne, anayebeba swali la mwanafunzi hadi maabara hata kama moyoni anaona ni la kipuuzi.

Ningekuwa na sauti kwa wanaotunga miundo ya utumishi, ningeomba mambo machache tu. Utafiti wa mkufunzi wa chuo cha kati uingie kwenye tathmini yake kwa alama za kweli, na ukaguliwe na mhadhiri wa chuo kikuu anayeweza kusema hapana. Mradi wa mwisho wa mwanafunzi uwe kipimo cha kitu cha wilaya anayotoka, na takwimu zihifadhiwe chuoni, maana sasa ripoti zinafungia maandazi. Ratiba ya mkufunzi ipunguzwe vipindi siku moja kwa wiki. Bila hiyo mengine yote ni maneno. Suala la kemikali halinitishi sana, kwa sababu chuo hununua alkali, POP na thaiosalfeti kwa ajili ya mitihani kila mwaka, na huwa zinabaki.

Tena muda wenyewe haungoji. Tangu 2018 serikali imeushika mchikichi upya, kituo cha Kihinga cha TARI, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, kinazalisha mbegu za tenera, ule mseto wenye ganda jembamba na nyama nyingi, na miche imegawiwa kwa wakulima. Mchikichi hauchukui miaka mingi kuanza kuzaa. Mafuta yatakuwa mengi kuliko tulivyozoea, wanunuzi wakubwa watakuja, na watakuja na vipimo vyao, wamwambie mama wa Simbo asidi yake ni asilimia ngapi na kwa hiyo watamlipa ngapi. Atakapoambiwa hivyo, awe na mtu wa karibu wa kumpimia upya, aliyekwisha kupima mafuta ya kijiji chake misimu kadhaa nyuma na anayejua namba hiyo ni ya kweli au ni ya kumshushia bei. Mtu huyo kwa sasa yuko chuoni kwetu, anajaza fomu ya kuhamia Dar.