Wacheza kontra, tupeane uzito kwanza

Nimecheza kontra miaka sita sasa hapa New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, na jambo moja linaniuma kila nikienda ukumbini. Mgeni anaingia na hamu yake, anapewa somo la nusu saa lililojaa majina ya miondoko, muziki ukianza yote yanamtoka kichwani. Simlaumu. Amekaririshwa majina wakati mwili wake bado haujaonja kitu. Ningekuwa na uwezo, nusu saa ile ningeijaza michezo.

Kwa asiyeijua, kontra ni dansi ya Marekani iliyotokana na ngoma za vijijini Uingereza, ikachanganyika na za Uskoti na Ufaransa. Watu husimama wawili wawili katika mistari mirefu, fidla na piano zinapigwa papo hapo, na mwitaji hutaja kila mwondoko muda mfupi kabla haujafika. Wimbo ukizunguka mara moja ni mapigo 64. Yakiisha, kila jozi imeshasogea na imekutana na jozi mpya, mnaanza tena. Miguu inatembea tu. Ufundi wenyewe uko mikononi, machoni na masikioni.

Mchezo ninaoupenda kuliko yote ni wa kuegemeana, ndiko kupeana uzito kwenyewe. Wawili wanashikana mikono, ncha za viatu zimekaribiana, viwiko vimekunjwa kidogo. Kila mmoja anajilaza nyuma taratibu mpaka ahisi kwamba mwenzake akimwachia ataanguka. Wakae hapo kwanza, wapumue, ndipo waanze kuzunguka kwa hatua ndogondogo. Vidole gumba visimbane mtu. Vidole vinne vilivyokunjwa vinatosha.

Majira ya baridi yaliyopita nilimwona binti mmoja, ndiyo siku yake ya kwanza, amepangwa na mzee seremala. Mabega ya binti yamepanda mpaka masikioni, vidole vimelegea kama mlenda. Yule mzee hakumfundisha lolote. Alimwambia tu, "Nivute." Binti akavuta kidogo, kwa woga. "Zaidi." Akavuta kwelikweli, mabega yakashuka yenyewe, na wakazunguka kama tiara lililopata upepo. Usiku ule hakukaa chini hata ngoma moja.

Baada ya hapo kuzungushana kwa kasi kunakuwa rahisi. Mguu wa kulia unabaki karibu na kitovu cha mzunguko, wa kushoto unasukuma kama mtoto anavyosukuma skuta. Kizunguzungu nacho kina dawa: mtazame mwenzako usoni. Ukiona haya, tazama sikio lake. Ukitazama kuta zinazopita, umekwisha.

Mchezo wa pili ni wa mapigo manane. Bendi ipige, watu watawanyike ukumbini watembee wapendavyo, ila pigo la nane limkute kila mtu uso kwa uso na mwingine, mikono imeinuliwa, tayari kwa safari nyingine. Usiwahi, usichelewe. Wengi wetu, hata wazoefu, hufika pigo la sita tukasimama kusubiri, na pale ndipo dansi inapokatika. Anayejua kuzitumia hatua zote nane anateleza na wimbo mwanzo hadi mwisho. Mwitaji akinyamaza kabisa katika mchezo huu, ndiyo vizuri zaidi, kwa sababu masikio yanalazimika kuifuata fidla.

Halafu badilishaneni nafasi. Siku hizi kumbi nyingi huwaita wachezaji kwa majina ya ndege: Lark husimama kushoto, Robin kulia, awe mwanamume au mwanamke. Nilipoanza kucheza pande zote mbili ndipo nilipogundua nilikuwa nikiwakokota wenzangu bila kujua.

Na hapa nina neno na wazoefu. Kumzungusha mgeni mara tatu chini ya mkono wako wakati hata hajui jozi inayofuata iko upande gani, huko si kumsaidia. Nimewaona wageni wakiondoka mapumzikoni kwa sababu hiyo, wakatokomea. Mapambo yana wakati wake, mkishajuana. Usiku wa kwanza mpe mkono ulio imara na uso wa kumkaribisha.

Waitaji, naomba dakika kumi tu za mwanzo. Acheni kutuita, tupangeni wawili wawili, mgeni na mzoefu, mtuambie tuvutane.