Goti la Kaepernick na ngumi za Mazimbu

Hapa Minnesota wimbo wa taifa unapigwa hata kwenye mechi za watoto wa shule. Ijumaa jioni unakwenda kuangalia vijana wa sekondari wakicheza ule mpira wao wa umbo la yai, na kabla refa hajapuliza filimbi wimbo unasikika kwenye spika, watu wanavua kofia, mikono inakwenda kifuani, wazee waliopigana Vietnam wananyoosha migongo. Mpira wa kikapu ni hivyo hivyo, besiboli hivyo hivyo. Nyumbani Tanzania, kwenye mechi ya kawaida ya ligi timu zinaingia, zinapeana mikono, zinapiga picha, mpira unaanza. Wimbo tunausubiri Taifa Stars wanapocheza, au sherehe za Uhuru, au mstarini shuleni asubuhi. Sisemi kwamba hatuna heshima. Aliyekulia kwetu anajua kuwa bendera ikishushwa kituo cha polisi saa kumi na mbili jioni, mwenye baiskeli anashuka na mama mwenye beseni kichwani anasimama.

Naanza na hilo kwa sababu kila mjadala wa goti la mchezaji Colin Kaepernick unapofufuka ndugu zangu wa nyumbani huniuliza swali lile lile: hao wachezaji weusi wa Marekani wanalipwa mamilioni, wana kiburi gani hata wapige goti wimbo wa nchi yao ukiimbwa? Jibu langu ni kwamba wimbo ndio uliowafuata kazini. Karani wa benki hapa haimbiwi kabla ya kufungua dirisha lake, wala mimi ninayehudumia wazee siimbiwi nikiingia zamu. Mchezaji anaimbiwa kila mechi, mbele ya kamera. Mazoea hayo yalikua na vita. Mwaka 1918, Marekani ikiwa vitani Ulaya, wimbo ulipigwa Chicago kwenye fainali za besiboli na watazamaji wakaupokea kwa shangwe. Vita Kuu ya Pili ikaufanya desturi. Hadhi ya kuwa wimbo rasmi wa taifa uliipata 1931 tu. Halafu Novemba 2015 maseneta John McCain na Jeff Flake wakatoa ripoti iliyoonyesha kwamba wizara ya ulinzi ilikuwa imezilipa timu za kulipwa hadi dola milioni 6.8 kwa ajili ya shamrashamra za kizalendo viwanjani, zile za bendera kubwa na kuwapigia makofi askari. Kwa hiyo siasa ilikuwa imeshaingia uwanjani, kwa fedha za walipa kodi, kabla Kaepernick hajafanya lolote.

Agosti 2016 Colin Kaepernick wa San Francisco 49ers, aliyekuwa ameifikisha timu yake Super Bowl, fainali ya mpira ule wa umbo la yai, miaka michache nyuma, alibaki ameketi kwenye benchi wimbo ukipigwa. Alipoulizwa akasema hawezi kusimama kuonyesha fahari kwa bendera ya nchi inayokandamiza watu weusi. Watu wengi nyumbani wanaijua habari hadi hapo. Wasichokijua ni kwamba Nate Boyer, askari wa zamani wa kikosi maalumu aliyewahi kujaribu bahati yake NFL, ligi kuu ya mpira huo, alimwandikia barua ya wazi, wakakutana, wakazungumza, na ni yeye aliyemshauri apige goti badala ya kuketi, kwa kuwa askari hupiga goti mbele ya kaburi la mwenzao aliyeanguka. Septemba 1, San Diego, Kaepernick akapiga goti pamoja na mwenzake Eric Reid, na Boyer akasimama pembeni yake mkono kifuani. Hivyo goti lile lilitokana na ushauri wa askari aliyeipenda bendera.

Mimi sihitaji hata kufafanuliwa na askari. Nenda Usukumani uone binti anavyowaamkia wakubwa, goti linagusa ardhi. Kwetu anayepiga goti anaomba au anaheshimu, na mara nyingi anafanya yote mawili. Nilipoiona picha ile nilimwona mtu anayeiomba nchi yake imsikilize. Ilinishangaza kuona Wamarekani, tena Wakristo wanaopiga goti kila Jumapili, wakilisoma goti lile kuwa tusi.

Tusi lenyewe lilikuja mwaka uliofuata. Septemba 2017, Huntsville, Alabama, Rais Trump aliwaambia wafuasi wake kwamba wenye timu wamfukuze mchezaji yeyote atakayepiga goti, akamtaja mchezaji huyo kwa neno linalomtukana mtu kupitia mama yake. Kwetu hapo ndipo ugomvi huanza. Jumapili iliyofuata wachezaji zaidi ya 200 walipiga goti au waliketi. Kaepernick hakuwa miongoni mwao, maana hakuwa na timu tena. Alitoka kwenye mkataba wake Machi 2017 na hakuna timu ya NFL iliyomsajili tangu siku hiyo. Alilalamika kwamba wenye timu wamekula njama dhidi yake; Februari 2019 pande mbili zikamalizana kwa makubaliano kabla uamuzi haujatolewa. Juni 2020, baada ya George Floyd kuuawa hapa Minneapolis na dunia kuwaka, kamishna wa ligi Roger Goodell alikiri kwamba walikosea kutowasikiliza wachezaji mapema. Jina la Kaepernick hakulitaja. Hilo bado linaniuma.

Na kwa kuwa niko Minnesota, siwezi kupita bila kuwataja wanawake wa hapa. Julai 2016, kabla ya Kaepernick, polisi alimpiga risasi Philando Castile, msimamizi wa chakula cha watoto shuleni, ndani ya gari huko Falcon Heights. Siku tatu baadaye manahodha wa Minnesota Lynx, timu ya wanawake ya mpira wa kikapu, akiwemo Maya Moore, waliingia kupasha misuli wakiwa na fulana nyeusi za kudai haki na uwajibikaji, zenye pia alama ya polisi wa Dallas waliokuwa wameuawa wiki hiyo hiyo. Hata baada ya kuwaheshimu polisi kwenye fulana ile ile, polisi wanne waliokuwa wakilinda mchezo waliacha lindo wakaondoka. Habari zao hazikufika mbali kama za Kaepernick. Ni wanawake, na ligi yao haina fedha za NFL.

Watanzania wenzangu wa hapa wana hoja nyingine. "Wewe mgeni, nchi imekupokea, hayo waachie wenyewe." Naielewa hoja hiyo kwa sababu wengi wetu karatasi zetu zilichukua miaka, na anayesubiri karatasi hajitafutii maneno. Lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe tumeshika. Tunalipa kodi, watoto wetu wa kiume wanaendesha magari kwenye barabara zile zile alizopita Castile, na askari anayewasimamisha usiku hawaulizi kama baba yao alizaliwa Morogoro.

Morogoro ndiko ninakotoka, na hapo ndipo hoja kwamba kupiga goti ni kukosa adabu inaponishinda kabisa kuikubali. Wimbo wetu wa taifa, kabla haujawa wetu, ulikuwa wimbo wa watu walionyimwa nchi yao. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule karibu na Johannesburg, aliutunga mwaka 1897. Mwaka 1912 uliimbwa Bloemfontein kwenye mkutano ulioanzisha chama kilichokuja kuitwa ANC, na 1925 chama hicho kikaufanya wimbo wake. Tanganyika ilipopata uhuru 1961, tukauchukua kwa Kiswahili. Baada ya watoto wa Soweto kupigwa risasi Juni 1976, vijana walitoroka Afrika Kusini kwa maelfu, na serikali yetu ikawapa ANC shamba la zamani la mkonge pale Mazimbu. Walijenga shule, wakaipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria Aprili 1979. Wazee wa Morogoro wanawakumbuka vizuri. Walinunua mahitaji kwenye soko moja nasi, walicheza mpira pamoja, wengine walioana na dada zetu. Na walipouimba wimbo ule, tuni ile ile tuliyoiimba sisi mstarini mikono ikiwa imenyooka ubavuni, wao waliinua ngumi juu. Hakuna mzee wa Morogoro niliyewahi kumsikia akisema wale walitukosea adabu. Tulijua ngumi zile zinamwelekea nani. Tommie Smith na John Carlos, wakimbiaji weusi wa Marekani, walipoinua ngumi jukwaani Mexico City mwaka 1968, wimbo wa nchi yao ukipigwa, walifukuzwa kwenye Olimpiki. Ngumi zile na za Mazimbu zilikuwa zikidai jambo moja. Basi kama tuliwaelewa wa Mazimbu, tunashindwaje kuwaelewa hawa?

Nisije nikaonekana naisifu Marekani. Uhuru wa hapa nimeujua umbo lake. Mwaka 1943, vita ikiwa imepamba moto, Mahakama ya Juu ya nchi hii iliamua kwamba watoto wa Mashahidi wa Yehova hawawezi kulazimishwa kuipigia bendera saluti shuleni. Serikali haiwezi kukufunga kwa goti. Lakini katiba inaizuia serikali, haimzuii mwenye timu. Bosi wako anaweza kukunyamazisha kwa kutokupigia simu tena, na hakuna hakimu atakayeiona simu ambayo haikupigwa.

Nyumbani tunaogopa kinyume chake. Wanaoogopwa ni wenye madaraka, na bosi anawaogopa kabla yako. Hata hivyo haki kama hiyo na sisi tunayo, ila hatuisemi: mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliwapa haki wanafunzi zaidi ya 100, Mashahidi wa Yehova, walioadhibiwa na shule yao huko Mbozi kwa kukataa kuimba wimbo wa taifa. Nimewauliza watu wengi wa nyumbani kuhusu kesi hiyo, mawakili wawili wakiwemo, na ni wachache mno wanaoijua.

Wala si kwamba sisi hatukuwahi kugoma kupitia michezo. Mwaka ule ule wa Soweto Tanzania ilikataa kwenda Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini, na nchi zaidi ya 20 za Afrika zikafuata njia hiyo. Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974 kwa dakika 3:32.2, alibaki nyumbani. Medali ya dhahabu ikachukuliwa na John Walker wa New Zealand, mtu ambaye Bayi alimshinda siku ya rekodi ile. Mgomo ulikuwa wa haki na ninajivunia. Lakini ulikuwa wa serikali, na gharama ililipwa na mkimbiaji.

Ndiyo maana Februari 7, 2024 ilinigusa sana. Nusu fainali ya AFCON, Abidjan, Kongo dhidi ya Ivory Coast. Wimbo wa Kongo unapigwa, na wachezaji wote kwa mkono mmoja wanaziba midomo, kwa mwingine wanaelekeza vidole viwili kwenye kichwa mfano wa bastola. Walikuwa wakiwasemea watu wa mashariki, wa Goma na vijiji vyake, wanaouawa huku dunia imenyamaza. Watu wanaolia kwa Kiswahili. Walifungwa 1-0. Januari 2025 Goma ikaangukia mikononi mwa waasi wa M23. Anayesema maandamano yale hayakusaidia kitu angewaambia wafanye nini, waimbe kwa sauti zaidi?

Ila kidole chao kilielekea nje, na mamlaka ya nyumbani haikuwa na sababu ya kukasirika. Jaribio lenyewe ni pale mchezaji anapokuwa na neno kwa serikali yake mwenyewe. AFCON ya 2027 inakuja kwetu, Tanzania, Kenya na Uganda kwa pamoja, na wimbo wa Sontonga utapigwa mbele ya Afrika nzima. Kama siku hiyo kuna kijana wa Taifa Stars mwenye ndugu aliyeonewa na akataka kupiga goti, nataka apige, acheze dakika zake 90, na kambi ijayo jina lake liwepo kwenye orodha.